Mtoto kiziwi: asome kwa ishara au kwa midomo?

Hapa Goma swali hili hurudi kila Septemba, wazazi wakihangaikia minervali (karo ya shule). Bishano lenyewe ni la zamani: mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi huko Milan, Italia, uliamua viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, ishara zikafukuzwa madarasani. Maamuzi yale yalikuja kukataliwa rasmi na mkutano kama huo huko Vancouver, Kanada, mwaka 2010!

Kwa gharama, ishara zinashinda. Kifaa cha sikio, ambacho mara nyingi huandamana na njia ya midomo, kinadai betri, na vumbi letu la volkano halikihurumii. Umeme ukikatika, wa ishara na wa midomo wote watafute mshumaa, maana wote husoma kwa macho.

Uhakika? Simama mbele ya kioo, tamka "baba" kisha "mama" bila sauti. Midomo ni ileile. Ishara alizozisambaza Andrew Foster, kiziwi Mmarekani aliyefungua shule Accra mwaka 1957, hazina utata huo. Ila mama muuza makala (mkaa) pale soko la Virunga hazijui; kwake, midomo inasaidia.

Aliyepoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka minane, na tayari anasema, aendelee na midomo. Aliyezaliwa kiziwi, mimi ningemwanzisha kwa ishara, na nyumba nzima ijifunze naye, hata bibi.