Dnsmasq kwa kompyuta zisizo na diski: nzuri, ila chunga poti zake

Kuwasha kompyuta za Linux zisizo na diski kupitia mtandao, anza na dnsmasq, programu ndogo ya huduma za mtandao: DHCP (kugawa anwani) na TFTP (kutuma faili za kuwashia) zimo katika faili moja la mipangilio. Ikiwa ruta tayari inagawa anwani, iache; andika dhcp-range=192.168.1.0,proxy, nayo dnsmasq itaongeza maelekezo ya kuwashia tu.

Kasoro yake ni logi fupi mno, kwa hiyo washa log-dhcp mapema. Mashine ikipata anwani kisha ikakwama kwenye TFTP, chunguza fayawoli: kufungua UDP 69 pekee hakutoshi, maana data husafiri kwa poti nyingine. Zibane kwa tftp-port-range, uzifungue, pamoja na 4011 kwa hali ya proksi. Pia, UEFI (mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa) haiwashi pxelinux.0, faili la kuwashia la BIOS ya zamani; inataka faili la .efi.