Upasuaji wa sikio langu la kushoto: uzoefu wangu

Miaka minne nilisikia vizuri zaidi ndani ya daladala ya Mbagala kuliko sebuleni kwangu. Mume wangu alidhani namfanyia kusudi: akinifuata Kariakoo kwenye cherehani, kelele zote zile, namjibu; usiku nyumba imetulia namuuliza "unasemaje?" mara tatu. Kumbe hiyo ni dalili yenyewe. Kwenye kelele watu hupaza sauti, na mimi kelele zenyewe zilikuwa hazinifikii sana.

Zahanati ya kwanza walisema nta. Nikaoshwa sikio mara tatu, nikapewa matone, hakuna kitu. Pale nawapa nyota moja, na ni kwa ajili ya yule dada wa mapokezi tu.

Daktari bingwa alitumia chuma chenye umbo la uma. Akakigonga, akakisimamisha kwenye mfupa nyuma ya sikio: nikakisikia kinavuma. Akakisogeza mbele ya tundu: kimya. Baada ya kipimo cha mashine akasema ngoma ya sikio ni nzima, kilichoganda ni kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3. Umeotewa na mfupa mwingine, hautikisiki. Akauliza kama hali ilizidi nikiwa mjamzito. Ilizidi kweli, mimba ya pili.

Chaguo lilikuwa shime sikio, yaani kile kifaa cha kuvaa sikioni cha kusaidia kusikia, au upasuaji. Hakunificha: katika watu 100, mmoja hivi hupoteza usikivu wote wa sikio hilo. Nilikaa na maneno hayo wiki mbili.

Wanapitia tundu la sikio, kwa nje huoni kovu. Wanainua ngoma, wanaondoa sehemu ya juu ya kikuku, wanatoboa kitako chake na kupachika kipini kidogo kinachoshikizwa kwenye mfupa wa jirani. Mimi nilipigwa ganzi tu, nikawa nasikia vyuma vinagongana.

Siku mbili dunia ilizunguka. Lawama yangu ni moja: hakuna aliyeniambia kuhusu ulimi. Neva ya ladha inapita humo humo, basi karibu miezi miwili chai ilikuwa na ladha ya sarafu. Ulizeni mapema. Pia usipenge kamasi kwa nguvu, piga chafya mdomo wazi, na ndoo ya maji abebe mwingine.

Pamba ilipotolewa nikarudi kazini. Cherehani yangu ilikuwa inalia vibaya, sijui tangu lini. Nikaitia mafuta siku hiyo hiyo.