Loda ya trekta: kijiko kizuri, fundi kanichekea

Nguvu za farasi na bei kaulizeni dukani. Mimi nina kisa cha kicheko.

Mwaka juzi hivi, mvua zikielekea kukatika, nilifungiwa kijiko cha mbele na wauza mashine fulani wa mjini, siwataji. Kazi yangu Nachingwea ni kupakia mchanga na kifusi. Wiki za mwanzo raha tupu: fuso linajaa chai haijapoa. Nilishaanza kuwasifia kwa watu.

Halafu usukani ukawa mzito, matairi ya mbele yakawa yanabonyea kama chapati. Kwenye mteremko magurudumu ya nyuma yakawa mepesi, na breki ziko hukohuko nyuma. Dereva anakanyaga, trekta linaserereka.

Nikarudi dukani, nikauliza kwa adabu kama nyuma hakutakiwi uzito. Fundi akacheka mbele ya wateja. "Mama, jaza maji matairi ya nyuma. Mengine tuachie mafundi." Kana kwamba trekta nimeliona jana! Nachingwea hii Waingereza walituletea matrekta kwenye mradi wa karanga wa miaka ya 1940.

Nikajaza, robo tatu ya kila tairi. Nyuma kukatulia, haki yake nampa. Lakini usukani ulikuwa uleule, na baadaye sili ya ekseli ya mbele, ule mpira wa kuzuia mafuta, ikaanza kuvuja, bushi ya pini ya katikati ikalika upande.

Aliyenifumbua macho ni dereva wangu, mzee asiye na cheti. "Mama, umewahi kubeba mzega, ule mti wa begani wenye ndoo mbele na nyuma? Bega ndiyo ekseli ya nyuma. Ndoo ya mbele inanyanyuliwa na ndoo inayoning'inia nyuma ya bega. Ukiweka jiwe juu ya bega lenyewe, bega linaumia tu, ndoo ya mbele haipungui kitu." Maji ya kwenye matairi ndiyo jiwe la begani.

Tukapima kwa futi kamba. Ekseli hadi ekseli mita 2.2, mzigo umetangulia mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Mchanga wa kilo 600 unaiongezea ekseli hiyo kilo 1,000 na ushee, kwa sababu kilo 400 hivi zinahama kutoka nyuma! Tukajaza zege pipa la lita 200, likafika kilo 480 hivi, tukalitundika kwenye mikono ya nyuma, mita 1.1 nyuma ya ekseli. Hapo mbele kumepungua kilo 240. Hazijaisha zote, kijiko bado tunakishusha chini tukitembea, ila usukani sasa anazungusha hata mwanangu.

Kwa hiyo kijiko chenyewe nakipa nyota nne. Labda kosa ni langu pia, ningeuliza kabla ya kulipa. Lakini si niliuliza? Niliuliza nikachekwa! Na sili wakaniuzia kwa bei kamili, bila hata pole. Basi mbili.

Juzi nimepita pale. Nje wamepanga masanduku ya chuma ya kutundika nyuma ya trekta, yanauzwa. Fundi yuleyule akanifuata, wala hanikumbuki: "Mama, una loda? Bila hili sanduku ekseli ya mbele utaimaliza."

Moja. Tena shingo upande.