Mashine ya barafu ya magamba: hakuuliza maji yetu yako vipi

Sikukusudia kuandika habari za mashine hii, kwa kuwa mimi ni mchuuzi wa samaki wa hapa Lamu na si fundi, lakini lipo neno moja nililoambiwa siku ilipowekwa ambalo hulisikia upya kila nipitapo karibu nayo: "Mzee, barafu ni barafu."

Aliyelitamka ni mbunifu mwenyewe, kijana aliyeichora na kuiunda katika karakana yake huko bara. Nilimwagiza mashine ya barafu ya magamba, ambayo ndani yake maji humwagiwa ngoma ya chuma inayopozwa kwa gesi, yakaganda utando wa milimita mbili hivi, kisha kisu kikaukwangua ukaanguka mkavu, mwepesi kama magamba ya changu. Samaki akifukiwa humo hachubuki, na baridi humfikia pande zote kwa haraka, tofauti na mapande tuliyozoea kuyaponda kwa nyundo, ambayo ncha zake humtoboa tewa ngozi na kumshusha bei. Kwa hiyo niliitaka mashine hii kwa moyo wote. Ilivushwa kwa boti kutoka Mokowe, mahamali wakahangaika nayo vichochoroni nusu siku nzima, na nilipomwandalia mbunifu kahawa na halua, alikunywa huku akitazama simu yake.

Nikamwomba aonje maji ya kisima changu kabla ya kuunganisha mabomba. Sikuwa na elimu yoyote ya barafu. Nilijua tu kwamba kiangazi kikishika, kisima hicho hugeuka chumvichumvi kiasi cha kuharibu chai. Hapo ndipo aliponipa lile neno lake, tena bila kuinua macho. Nina umri wa kumzaa, na hapa kwetu hata anayekuja kudai deni huanza kwa kukuuliza hali.

Mwanzoni, kisima kilipokuwa kingali na maji ya mvua, sikuwa na la kulalamika. Kaskazi ikaingia, samaki wakaanza kupatikana, na usiku mmoja mashua mbili zikarudi kutoka upande wa Kiwayuu zimejaa nguru. Mpwa wangu alipofungua mlango wa mashine, alikuta uji. Si barafu iliyoyeyuka, bali uji mzito uliolowa, umeganda kwenye mdomo wa kutokea na kurudi juu hadi kwenye kisu, nacho kisu kikaendelea kulazimisha mpaka meno ya giaboksi yakakatika kwa mlio uliomwamsha jirani. Nikampigia mbunifu, hakupokea. Nikampigia tena baada ya sala ya alfajiri, akapokea na kusema kwamba tatizo ni maji yetu, si mashine yake. Maji yale yale niliyomwomba ayaonje! Nguru wale wengi wao niliwapasua na kuwatia chumvi wawe ng'onda, na faida ya msimu mzima ikaanikwa juani pamoja nao.

Aliyeniokoa ni kijana wa mtaani anayetengeneza mafriji. Alichota ule uji, akauacha uyeyuke kiganjani, akauonja na kuutema, kisha akafuata kijibomba chembamba hadi kwenye pampu ndogo iliyofichwa nyuma. "Ami," akaniambia, "huyu ameyatia chumvi maji ya chumvi." Kumbe maji matamu kabisa yakiganda hung'ang'ania ngoma, ndiyo maana wabunifu hutia chumvi kidogo mno ili utando ubanduke kwa urahisi, ikizidi, maji huchelewa kuganda na barafu huwa laini na yenye majimaji. Alizima pampu, tukachanganya maji ya kisima na ya jabia, yaani birika la maji ya mvua, na giaboksi mpya ilipofika kwa gharama yangu, yale magamba makavu yakarudi.

Ila hayafikii kiasi nilichoahidiwa, na kwa hili nadhani kosa ni lile lile la kutouliza. Tangi langu liko juu ya dari, na mchana maji yake hufika nyuzi 30. Kijana alinipigia hesabu ukutani kwa mkaa: kugandisha kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika sifuri ni kilokalori 80, lakini yangu lazima kwanza yaondolewe 30 nyingine ndipo yafike huko. Aliyechora mashine akifikiria maji ya milimani atapata jumla nyingine kabisa. Sasa tangi nimeliteremsha kivulini na kulifunika kwa makuti, na kuna nafuu, ingawa sioni kwa nini ushauri wa makuti utoke kwangu.

Basi nilitaka kuandika hapa kwamba msinunue. Nilishaliandika kabisa, kisha nikalifuta, kwa sababu haki ni haki: ngoma haijapata doa la kutu, kisu hakijagusa chuma, na wanunuzi wa Mombasa wamerudi kuniuliza samaki wangu kabla ya wa wenzangu. Kazi ya mkono wake ni nzuri. Mwenye maji matamu na subira ya kutosha anaweza kumwendea. Mimi mwenyewe juzi, kwa aibu kidogo, nilimpigia kumwuliza bei ya nyingine ndogo kwa ajili ya shemeji yangu wa Faza. Hakunisalimu. Akaniuliza kama maji yetu yameshatengenezwa, nami nikakata simu.