Kulala msitu wa Kakamega: uliza kwanza nguo zitakauka wapi

Mwezi wa tano nilienda Kakamega na dada yangu, tukalala kwa banda fulani pembeni ya msitu, jina silitaji. Kwa simu picha zilikuwa moto, nyasi juu, shuka nyeupe, mpaka kuna maua kwa mto. Usiku kuvuta blanketi nikapata imelowa, si maji ya kukamua, ule ubichi wa taulo mtu ameoga nayo akaikunja, na godoro linanuka kama gunia la mahindi lililonyeshewa. Kesho yake tukatembezwa msituni, saa tisa mvua ikatupata huko ndani, na viatu nilivyovua jioni hiyo nikavibeba kwa karatasi siku ya tatu vikiwa bado vinatoa maji.

So mimi sikuambii habari ya chakula wala nyani. Mbega na kima utawaona popote utakapolala, watakuamsha kabla ya jogoo. Lakini huu msitu ni kipande cha ule msitu mkubwa wa Kongo kilichobaki upande wetu, unapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka na mara nyingi inakuja alasiri, saa ile uko njiani kwa miguu. Utalowa. Swali ni utakauka wapi, na hakuna anayepiga picha ya kamba ya nguo.

Tena hizi banda za nyasi watu wanazisifu ati ni za kienyeji. Kukhu wangu, yaani nyanya, alikaa nyumba ya nyasi miaka na miaka na haikunuka, kwa sababu moto ulikuwa unawaka mle ndani kila siku, moshi unapanda unakausha nyasi na kufukuza wadudu. Ya mgeni haina moto, inafungwa Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu Jumamosi unalazwa ndani ulipie.

Kwa kulala pakavu, namba moja kwangu ni Rondo Retreat, na sifichi kwamba napendelea. Ni nyumba za mbao za enzi za mkoloni, kuna veranda za kukaa na chai yako mvua ikipiga bustani, na nilipolala huko kitambo shuka zilikuwa kavu, kavu kabisa, nilizinusa. Ni ghali, ndio, na ni mahali pa Wakristo kwa hivyo bia sahau. Kama pesa inatosha usiku mmoja tu, afadhali huo mmoja kuliko usiku tatu za kulala na soksi mkononi ukijaribu kuzikausha na joto la mwili.

Namba mbili ni upande wa kaskazini, Buyangu, chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Kuna Isukuti Guesthouse, unajipikia, na ukiwa na jiko ujue umepata pa kukaushia viatu. Udo's Bandas ziko huko pia, zile za mviringo za nyasi, nzuri kwa wanaopenda ndege, lakini hizo lala miezi ya Desemba mpaka Februari mvua ikipungua. Huko KWS usiende na keshi mkononi, lipa kwa mtandao kabla.

Banda za bei ya chini ziko Isecheno, upande wa kusini. Beba blanketi yako, basi.

Halafu bei. Unaambiwa bei ya kitanda, unatuma dipoziti kwa M-Pesa, ukifika unapata kiingilio cha msitu ni kando, mtu wa kukutembeza ni kando, maji ya moto ni ndoo na ndoo ni kando. Sikatai kulipa kijana anayejua jina la kila mti, huyo mpe hata zaidi. Nakataa kuambiwa hayo yote wakati mguu mmoja uko tayari ndani ya geti. Na nilipolalamika kuhusu godoro yule mwenye banda akacheka, akaniambia, "Madam, hii ni msitu, ukitaka kukauka si uende Turkana?" Dipoziti hakurudisha. Viatu viliota ukungu wa kijani ndani ya begi, nimevisugua mara mbili, saa hii viko juu ya paa la jikoni kwa mama na bado vinanuka.