Winta ya Nairobi imenivunjia springla nne

Niseme ukweli, hawa watu walipokuja kuniwekea springla za kumwagilia nyasi mara ya kwanza walifanya kazi safi kabisa, ndio maana juzijuzi baridi ilipoanza wakanipigia simu kwamba kuna huduma ya kuandaa mfumo kwa winta, mimi sikuuliza mengi, nikatuma elfu nane kwa M-Pesa.

Akaja kijana na kompresa. Namuuliza hiyo ni ya nini, anasema lazima atoe maji yote kwa paipu kwa hewa, la sivyo yataganda yapasue kila kitu. Yagande wapi? Maji yanaganda kwa sifuri, na hapa Lang'ata hata ile Julai mbaya usiku ni digrii kumi hivi. Mimi nimekulia Ol Kalou, jalidi naijua, nimeiona asubuhi imechoma shamba zima la viazi likawa jeusi. Huku sijaiona hata siku moja. Akaniangalia akasema, "Madam, hizi vitu ni za kiufundi, wewe rudi tu ndani." Nirudi ndani, na nyumba ni yangu, nyasi ni zangu na pesa ni zangu!

Sikatai, huko Amerika, Minnesota na Colorado, hiyo kazi inafaa, maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9 na paipu inapasuka. Lakini hata huko, paipu ya PVC, ile ya plastiki ngumu, hewa haifai kupita psi 80 (psi ni kipimo cha presha), na ile nyeusi laini isizidi 50. Yangu ni ile nyeusi. Nimesimama pale naona mshale wa kompresa umepita mia, kabla nifungue mdomo kichwa cha springla kando ya mpapai kikaruka, springi yake ikavuka ua ikaangukia kwa jirani, kikafuata cha pili, jumla vinne. Kimoja nimekiweka hapa mezani, shingo imepasuka kama ganda la yai.

Nikapigia ofisi yao. Dada aliyeshika simu ananiambia vichwa vilikuwa vimezeeka, niongeze elfu sita waje wabadilishe. Havijamaliza hata miaka miwili!

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwapa nyota tatu kwa sababu ya ile kazi ya kwanza. Sasa hapa nilipofika ni moja. Kijana simlaumu sana, pengine alitumwa tu na maagizo ya nchi ingine... hapana, namlaumu pia, maana kunisikiza kungemgharimu nini?

Na kitu mfumo wangu ulihitaji ni filta ioshwe, kwa sababu maji ya kisima huku yana mchanga, na taima ipunguzwe, miezi hii ya mawingu nyasi hazitaki maji kila siku. Taima niliikuta vile vile, dakika ishirini kila asubuhi. Filta hawakuigusa. Nimeifungua mwenyewe jioni hiyo na brashi na ndoo, nikatoa mchanga wa kujaza kikombe.