Land Rover Iliyoliwa na Kutu: Kazi ya Gereji Moja ya Tanga

Wengi hudhani kwamba Land Rover ya zamani haipati kutu kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu, lakini chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, na ukuta ulio kati ya injini na dereva ni vya chuma, na pale metali hizi mbili zinapogusana katika unyevu wenye chumvi, aluminiamu yenyewe huliwa ikabaki unga mweupe. Land Rover yangu, toleo la Series III lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilikuwa imefikia hali hiyo: nilipoinua mpira wa kukanyagia upande wa dereva, niliona barabara.

Mafundi wa gereji niliyoichagua walikata chuma kilichooza hadi wakafikia kilicho kizima, wakachomelea bati jipya la milimita 1.6 ukingo kwa ukingo, badala ya kubandika kiraka juu ya kutu kama wafanyavyo wengine, kisha wakagonga kila mshono kwa nyundo ndogo huku wakisikiliza mlio wake. Kwa shilingi 900,000, sikutarajia uangalifu wa namna hiyo.

Kasoro ipo. Kwenye nguzo ya mlango wa kushoto waliziba tundu kwa puti, yaani lahamu laini ya kujazia inayokauka ikawa ngumu, nayo ikapasuka mara tu masika yalipoanza. Waliirudia kazi hiyo bila malipo, ingawa kwa kununa. Aidha, hawakupaka chochote ndani ya chesisi, ambako kutu huanzia. Gari nitawapelekea tena, ila siku ya puti nitashinda hapo hapo gereji.